Hesabu ya Joto Katika Nyama ya Kuku



Vyama vya wafugaji wa kuku huandika kwa uangalifu idadi ya kuku waliochinjwa na uzito wa nyama. Jambo lisiloandikwa ni joto lililoipata nyama hiyo tangu machinjoni hadi kwa mnunuzi. Hilo nalo ni deni, na alilipaye ni mlaji.

Katika nyama mbichi ya kuku huweza kuwamo bakteria waitwao salmonela. Huleta homa na kuhara, na huweza kuwaua watoto wachanga na wazee. Hawaonekani kwa macho, wala si lazima nyama inuke.

Kasi ya kuzaana kwao hufuata joto. Mwaka 1982 David Ratkowsky na wenzake huko Tasmania, Australia, walieleza kanuni nyepesi: katika joto la nyama hutolewa kiwango ambacho chini yake bakteria hawazaani, kisha jibu huzidishwa kwa lenyewe. Kasi huongezeka kwa kadiri hiyo, maadamu joto halijawazidi bakteria wenyewe.

Kwa salmonela, kiwango hicho kikadiriwe kuwa digrii 5 za Sentigredi. Nyama yenye digrii 15 hutoa 10 mara 10, yaani 100. Yenye digrii 25 hutoa 20 mara 20, yaani 400. Joto limeongezeka digrii 10. Kasi imekuwa mara nne.

Sasa itazamwe mizigo miwili ya safari ya saa 4. Wa kwanza ulikuwa na digrii 15 njia nzima. Wa pili ulikuwa na digrii 5 kwa saa 2, barafu ikaisha, ukawa na digrii 25 kwa saa 2. Wastani wa kila mmoja ni digrii 15. Lakini ikiwa katika digrii 25 bakteria huongezeka maradufu kila saa, basi bakteria 1,000 wa mzigo wa kwanza wamekuwa 2,000, na wa mzigo wa pili 4,000. Wastani umemdanganya katibu.

Barafu ikirudishwa huzuia ongezeko jipya. Haiwapunguzi waliokwisha kuzaliwa. Wala kupika kusiwe kisingizio, kwani maji ya nyama mbichi hugusa kisu, ubao na mikono kabla ya kufika jikoni.

Kwa hiyo joto la nyama liandikwe kila saa, na ongezeko la kila saa lijumlishwe. Saa isiyoandikwa ihesabiwe kwa joto kubwa la siku hiyo. Mzigo wenye shaka usichanganywe na mingine, maana uzembe wa safari moja huweza kukikosesha chama kizima soko lake.