Kabla ya Kulipia Nyumba Mpya



Nyumba mpya za Diani na Msambweni zavutia kwa rangi, lakini rangi haionyeshi kilichomo ukutani. Zege iliyokorogwa kwa maji ya chumvi huliwa nondo zake na kutu, na nyufa huja baadaye.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa arubuni, fanya upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi. Mdai muuzaji ramani iliyoidhinishwa na kaunti, pamoja na cheti cha kuruhusu nyumba ikaliwe. Nenda na fundi wako mwenyewe. Fungueni mifereji, mkague shimo la maji taka.

Tenga pia ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Kasoro zote ziandikwe kwenye mkataba. Ukishalipa kila kitu, wa kukusikiliza ni wachache.