Usipoziba Ufa: Usalama wa Programu za Kufungulia Picha

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu matumizi salama ya simu na kompyuta



Wananchi wengi wamekwisha kufahamu kuwa namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Picha, hata hivyo, haitiliwi shaka. Picha ya mtoto aliyezaliwa, ya shamba lililostawi au ya cheti cha maombi ya leseni hufunguliwa bila kusita, kwani huaminika kuwa ni kitu cha kutazamwa tu.

Ukweli ni kwamba picha hufika katika simu ikiwa ni fungu la tarakimu zilizobanwa. Programu ndiyo huzikunjua: husoma maelezo yaliyomo ndani ya faili, hutenga nafasi katika kumbukumbu ya simu, kisha huzimimina humo. Endapo aliyeiunda programu hakuhakiki vipimo, mhalifu aweza kutengeneza picha yenye maelezo ya hila. Hapo huwa kama debe la lita 20 lililomiminiwa lita 30: kinachozidi humwagikia juu ya kazi nyingine za simu, na humo yaweza kupenyezwa maagizo ya mhalifu, simu ikayatekeleza.

Jambo hili si la kubuni. Septemba 2004, Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro ya namna hiyo katika usomaji wa picha za JPEG. Miaka 19 baadaye, tarehe 6 Septemba 2023, wataalamu wa Apple na wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliripoti kasoro katika libwebp, sehemu ya programu inayosoma picha za WebP. Google ilitoa Chrome iliyorekebishwa tarehe 11 Septemba, ikieleza kuwa mbinu ya kuitumia kasoro hiyo ilikwishakuwapo. Firefox nayo ilirekebishwa siku iliyofuata. Kwa kuwa libwebp imo ndani ya programu nyingi, ilibidi programu hizo nazo zirekebishwe.

Hii haina maana kwamba kila picha ni mtego. Mashambulizi ya aina hii ni ghali kuyaandaa, na mara nyingi huelekezwa kwa watu waliochaguliwa. Hatari kwa mwananchi wa kawaida huongezeka baada ya kasoro kutangazwa: kila mhalifu huijua, nacho kifaa kisichosasishwa hubaki wazi. Jicho haliwezi kuitambua picha yenye hila. Kinga yake ni sasisho.

Wengi huahirisha sasisho wakihofia kumaliza kifurushi cha intaneti. Hofu hiyo inaeleweka, ila inafaa ipimwe dhidi ya kilichomo ndani ya simu: akiba, hesabu za kikoba na siri za nyumba. Wenye steshenari wana dhamana kubwa zaidi, kwani kompyuta zao hupokea vyeti na hati za viwanja vya watu wengi. Windows 7, kwa mfano, iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Kompyuta inayoitumia haifai kukabidhiwa nyaraka za wananchi.

Kwa hiyo, kila mkazi anahimizwa kufanya yafuatayo:

1. Kufungua mipangilio ya simu na kuangalia tarehe ya sasisho la mwisho la usalama.
2. Kusasisha programu za ujumbe, za intaneti na za picha kutoka duka rasmi la programu pekee.
3. Kuzuia picha zisijipakue zenyewe katika makundi ya ujumbe.
4. Kutosakinisha kamwe kitu kilichotumwa kwa jina la picha. Picha halisi haiombi kusakinishwa.
5. Kutoweka fedha wala nyaraka muhimu katika simu ambayo haipokei tena masasisho.

Vijana wanaoyajua haya wawasaidie wazee wao kwa subira, bila kuwadai namba zao za siri. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa programu huzibwa kwa dakika chache. Ukuta wa akiba iliyopotea huchukua miaka kuujenga upya.