Somo la Tisa: Wakala Akiwa Mkalimani

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mpeni mmoja wenu kalamu na daftari, maana leo iko mistari ya kuandika. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi baada ya kipindi, soma polepole, nawe uandike vilevile.

Juma lililopita tulizungumza juu ya wakala, ambaye mafundi wengine humwita proksi. Tulisema kwamba husimama kati ya kivinjari kilicho katika simu yako na seva yenye habari uzitakazo. Hupokea ombi upande huu, hulipeleka upande wa pili, kisha hurudisha jibu. Baada ya kipindi nililetewa swali hili: "Mwalimu, kama kazi ya wakala ni kupokea na kupeleka tu, kwa nini asiikabidhi barua kama ilivyo?"

Swali hilo ni zuri sana, na ndilo somo letu la leo. Haikabidhi kama ilivyo kwa sababu mara nyingi pande hizo mbili hazisemi lugha moja. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za kuomba na kujibu katika wavuti, ina matoleo kadhaa. Toleo la 1.1 lilitangazwa mwaka 1997. Toleo la 2 likaja mwaka 2015, na la 3 mwaka 2022. Simu yako yaweza kuzungumza na wakala kwa toleo la 2, lakini nyuma yake ziko seva nyingi zisemazo toleo la 1.1 tu, nazo zatenda kazi yao vizuri. Hakuna sababu ya kuzitupa. Basi wakala hana budi kuwa mkalimani.

Sasa chukua kalamu. Tuseme Asha ataka kupeleka mchango wa shilingi 500 katika tovuti ya chama chake. Kwa toleo la 1.1 ombi lake huandikwa hivi:

POST /michango HTTP/1.1
Host: chama.example
Content-Length: 19

jina=Asha&kiasi=500

Mstari wa kwanza wasema jambo linalotakiwa. Mistari inayofuata ndiyo tuiitayo vichwa: jina, nukta mbili, kisha thamani. Kichwa cha "Host" chataja tovuti, na "Content-Length" chataja urefu wa mwili wa barua kwa baiti. Kisha pana mstari mtupu, halafu mwili wenyewe. Hesabu herufi na alama za mstari wa mwisho mmoja mmoja, utazipata 19. Tafadhali hesabu kweli, usiniamini mimi tu, maana hesabu hiyo tutaihitaji baadaye.

Kwa toleo la 2, ombi lile lile huwa hivi:

:method: POST
:scheme: https
:authority: chama.example
:path: /michango
content-length: 19

Mstari wa kwanza umevunjwa vipande, na kila kipande kimepewa jina linaloanza kwa nukta mbili. "Host" amekuwa ":authority". Majina yote yameandikwa kwa herufi ndogo. Herufi kubwa katika jina la kichwa ni kosa katika toleo hili.

Lakini nimeiandika kwa mistari ili uione tu. Kwa hakika katika toleo la 2 hamna mistari. Habari husafiri katika vifurushi viitwavyo fremu. Kila fremu hutanguliwa na baiti 9, na 3 za kwanza zataja urefu wa yaliyomo. Hata vichwa vyenyewe hufupishwa: ipo orodha ya vichwa 61 vya kawaida ambayo pande zote mbili zaijua, kwa hiyo badala ya kuandika ":method: POST" hutajwa namba 3, na mambo yamekwisha. Kumbuka hasa jambo hili moja: katika toleo la 1.1 mwisho wa barua hujulikana kwa yale yaliyoandikwa ndani ya barua, bali katika toleo la 2 hujulikana kwa fremu zenyewe.

Kazi ya kugeuza majina si ngumu. Mwanafunzi mwangalifu aweza kuiandikia programu kwa siku moja. Iko mitego midogo, nami nitaitaja upesi. Toleo la 2 laruhusu kichwa cha "cookie", yaani vidakuzi, kikatwe vipande vingi. Wakala lazima aviunge tena kuwa kimoja kabla ya kuvipeleka kwa seva ya 1.1, akitenga kwa nukta mkato na nafasi, wala si kwa mkato kama afanyavyo kwa vichwa vingine vinavyorudiwa. Na "Set-Cookie", kinachotoka kwa seva, hakiungwi kabisa. Kila kimoja hupelekwa peke yake.

Viko pia vichwa ambavyo havipaswi kuvuka. "Connection", "Keep-Alive", "Proxy-Connection", "Transfer-Encoding" na "Upgrade" vyahusu waya mmoja tu, ule uliopo kati ya wakala na jirani yake. Toleo la 2 lavikataza vyote. Mimi mwenyewe niliwahi kulisahau hilo. Seva ya nyuma ilikuwa na desturi ya kutangaza kwa kichwa cha "Upgrade" kwamba yaweza kusema toleo jipya, na programu yangu ikakipitisha hadi kwenye simu. Kivinjari changu kilisamehe, nami nikaenda nyumbani nimeridhika. Asubuhi yake watu wenye kivinjari kingine wakaleta malalamiko kwamba ukurasa haufunguki kabisa. Kivinjari chao ndicho kilichofuata kanuni! Nilitafuta kosa siku mbili, nikiilaumu seva, nikiulaumu mtandao, na kosa lilikuwa langu.

Hayo ni makosa ya kuudhi tu. Sasa tuje kwenye lile la hatari.

Rudi kwenye barua ya Asha. Katika toleo la 2 kichwa cha "content-length" si cha lazima, maana fremu zenyewe zaonyesha mwisho. Lakini mtumaji aweza kukiandika, na mtu mwovu aweza kukiandika kwa uongo. Tuseme mwovu huyo apeleka ombi la toleo la 2 lenye kichwa kisemacho urefu ni 0, kumbe fremu zimebeba mwili mrefu. Wakala mzembe hazingatii. Yeye amesoma fremu, ameona mwili wote, anaugeuza kuwa toleo la 1.1, na kile kichwa cha urefu anakinakili kama alivyokikuta.

Seva ya nyuma yapokea nini? Yaona "Content-Length: 0", nayo huamini, kwa sababu katika toleo la 1.1 hicho ndicho kipimo chake. Yasema, barua hii haina mwili, imekwisha. Je, baiti zilizobaki? Seva huzihesabu kuwa mwanzo wa barua inayofuata.

Na barua inayofuata ni ya nani? Hapo ndipo pana msiba. Wakala hafungui njia mpya kwa kila mtu. Hutumia njia ile ile ya kwenda kwa seva kupelekea maombi ya watu wengi, moja baada ya jingine. Basi mwovu ameacha kipande cha barua kikining'inia. Tuseme kipande hicho chasema: "Ongeza maneno yafuatayo katika ukurasa wa maoni, chini ya jina langu, urefu wake ni baiti 600." Kisha yaja barua ya Asha, pamoja na kidakuzi chake kinachomtambulisha kwa chama. Seva huichukua barua ya Asha, kidakuzi na vyote, na kuiandika kama maoni ya yule mwovu. Mwovu afungua ukurasa wa maoni, asoma kidakuzi cha Asha, na tangu hapo aweza kuingia katika akaunti yake. Asha hakubonyeza kitu kibaya. Hakumwambia mtu neno lake la siri. Aliletwa tu kwa njia iliyochafuliwa.

Wataalamu wa usalama waliueleza mchezo huu tangu mwaka 2005, wakati wa toleo la 1.1 peke yake. Mwaka 2021 mtafiti James Kettle alionyesha hadharani kwamba kufasiri kutoka toleo la 2 kwenda la 1.1 kumeufungulia mlango mwingine, na tovuti kubwa zilikutwa na ugonjwa huo.

Mwovu ana njia nyingine ya namna hiyo hiyo. Kwa kuwa toleo la 2 halitumii mistari, aweza kuficha alama ya kuvunja mstari ndani ya thamani ya kichwa. Kwa toleo la 2 ni baiti tu kama baiti nyingine. Ikiandikwa kwa toleo la 1.1, papo hapo kichwa kimoja chazaa viwili, na cha pili ni kile alichokitaka mwovu.

Je, wakala afanye nini? Kwanza, apime mwenyewe. Ajumlishe baiti alizozipokea katika fremu, na kama kichwa cha urefu chasema vingine, alikatae ombi. Pili, akiona alama ya kuvunja mstari ndani ya thamani, au nukta mbili katikati ya jina, au "transfer-encoding" katika ombi la toleo la 2, alikatae vilevile. Wako mafundi wasemao wakala mwema husahihisha makosa madogo ili mteja asisumbuke. Mimi sikubaliani nao katika jambo hili. Barua yenye vipimo viwili visivyopatana haina maana moja ambayo mkalimani aweza kuifasiri. Airudishe kwa jibu la 400, nayo kazi imekwisha.

Safari ya kurudi ni nyepesi zaidi. Seva ya 1.1 ikijibu "HTTP/1.1 404 Not Found", wakala huchukua namba 404 na kuiweka katika ":status", yale maneno yaifuatayo huachwa, kwani toleo la 2 halina nafasi yake. Kama seva imetuma mwili kwa vipande, kila kipande kimetanguliwa na urefu wake, na urefu huo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16. Mwili wa baiti 19 huandikwa 13. Wakala husoma, huondoa namba hizo, na kuuweka mwili katika fremu.

Sasa kazi ya nyumbani. Andikeni ombi hili kwa toleo la 1.1, au mseme kwa nini wakala alikatae:

:method: POST
:scheme: https
:authority: chama.example
:path: /michango
cookie: a=1
cookie: b=2
content-length: 18

Mwili ni ule ule wa Asha. Leteni majibu kabla ya Alhamisi, nasi tutayasahihisha mwanzoni mwa somo la kumi. Kwaherini.