Kunguru wa India katika Miji ya Pwani: Kwa Nini Anarudi Kila Tukimpunguza



1. Utangulizi

Mada yangu inamhusu ndege ambaye wengi wetu tumemsikia leo kabla ya kunywa chai. Kunguru wa India ni mweusi, ana shingo ya kijivu, na asili yake ni Asia ya Kusini. Nimemchagua kwa sababu amekaa nasi kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika muda huo tumejaribu karibu kila njia ya kumdhibiti. Kwa hiyo tunao uzoefu wa kutosha wa kujifunza.

Hoja yangu ni moja. Kunguru huyu hawezi kumalizwa na mradi wenye tarehe ya kufungwa. Kumdhibiti ni kazi ya kudumu ya halmashauri, kama ilivyo kazi ya kupambana na mbu, na inaanzia kwenye taka zetu.

2. Alivyofika na alivyoenea

Kunguru hawa waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ili wasaidie kula taka za mjini. Kufikia mwaka 1917 ndege yule yule alikuwa amegeuka msumbufu. Serikali ilianza kutoa zawadi kwa waliomuua, lakini muda wa kumzuia ulikuwa umeshapita. Mombasa alionekana mwaka 1947, na leo makundi yake yapo Dar es Salaam, Tanga, Malindi na Watamu. Ameanza pia kuelekea bara akifuata barabara kuu na miji inayokua kando yake.

Kuna jambo moja katika tabia yake ambalo ningependa tulishike tangu sasa. Haijulikani popote duniani jamii ya kunguru hawa inayoishi mbali na binadamu. Hawakai msituni. Wanakaa dampo, machinjioni, sokoni, na kwenye miembe iliyo jirani na jiko la hoteli. Hata viota vyao hujengwa kwa vitu vyetu: ukikiangusha kimoja utakuta vipande vya waya wa umeme na nyaya za kufungia nondo vimesukwa pamoja na vijiti.

3. Madhara

Wanaoumia kwanza ni ndege wadogo. Kunguru hupekua viota vya kwera, chozi na njiwa, akala mayai na makinda. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, amesukumwa nje ya maeneo mengi ya mjini. Watu wengi huhesabu uharibifu kwa ndege wanaowaona wakifa, lakini hasara kubwa ni ya wale ambao hawakuanguliwa.

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wanalijua jambo hili kuliko wataalamu. Kunguru wawili hushirikiana: mmoja anamchokoza mama kuku mpaka amkimbize, mwenzake anashuka nyuma na kuondoka na kifaranga. Kwa mama anayetegemea kuku wachache kulipa ada ya shule, hiyo ni hasara ya kweli. Soko la samaki nalo lina taabu yake: kunguru hutoka jaani na kutua moja kwa moja kwenye meza ya kupaa samaki, na miguu yake inabeba vijidudu vya kuharisha.

4. Njia tulizonazo

Njia ya kwanza ni mtego. Hiki ni kizimba kikubwa cha waya chenye mlango juu, ambao kunguru anaweza kushukia lakini hawezi kutokea akiwa amekunjua mbawa. Ndani huwekwa nyama, maji, kivuli, na kunguru hai wachache wa kuwavuta wenzao. Mtego ni salama, kwa kuwa ndege wengine walioingia huachiwa. Udhaifu wake ni kwamba kunguru ana akili. Waswahili walishasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na huyu akishaona wenzake wakitolewa mtegoni, hakaribii tena. Ndiyo maana mtego husafishwa baada ya giza kuingia, na huhamishwa mara kwa mara.

Njia ya pili ni dawa iitwayo Starlicide. Kunguru akiila, figo zake hushindwa kufanya kazi, na hufa baadaye, mara nyingi akiwa mbali na chambo. Kwa sababu hiyo wenzake hawaunganishi kifo na chakula. Dawa huvunjika upesi mwilini, hivyo hatari kwa paka anayekula mzoga ni ndogo. Lakini kuku na njiwa huweza kufa wakiila moja kwa moja. Mtaalamu hutanguliza chambo kisicho na dawa kwa siku kadhaa, akahakikisha kwamba wanaokuja ni kunguru wa India peke yao, ndipo aweke chenye dawa, akae akilinda, na kukusanya mabaki yote. Kumkabidhi kazi hii kibarua asiye na mafunzo ni hatari.

Njia ya tatu ni kuondoa viota. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, na akipoteza kiota hujenga kingine. Kwa hiyo kazi hii ina maana pale tu inaporudiwa msimu mzima.

5. Kwa nini anarudi

Zanzibar iliwapunguza sana kunguru katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 kwa mitego na dawa. Ufadhili ulipokwisha, wakaongezeka tena. Malindi na Watamu nako idadi ilishuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, dawa ilipozuiwa kuingizwa nchini Kenya ikapanda. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuondoa kunguru milioni moja.

Sababu ya kurudi inaeleweka. Ukiua nusu ya kunguru na chakula kikabaki vilevile, nusu iliyosalia inashiba zaidi na makinda yake mengi yanapona. Zaidi ya hapo, wilaya jirani isiyofanya chochote inatuletea wengine.

Waliofanikiwa kabisa ni waliowahi. Kule Hoek van Holland, Uholanzi, kunguru walifika kwa meli mwaka 1994. Walizaliana wakafika dazeni chache tu, nao wakaondolewa. Sisi wa miji ya pwani tumeshapita hatua hiyo, lakini miji ya bara bado iko kwenye hatua hiyo.

6. Mapendekezo

(i) Machinjio, masoko ya samaki na hoteli zisitoe mabaki ya nyama bila chombo chenye mfuniko, na vizimba vya taka viondolewe mzigo kabla ya jioni.

(ii) Kila halmashauri iwe na kikosi kidogo cha kudumu chenye mitego na mafunzo ya kutumia dawa kwa kibali.

(iii) Wilaya zinazopakana zifanye kazi kwa kalenda moja, hasa kabla ya msimu wa kutaga.

(iv) Miji ya bara iwe na namba ya simu ya kupokea taarifa, na kunguru wa kwanza kuonekana washughulikiwe ndani ya siku chache.

(v) Wananchi wafundishwe kumtofautisha na kunguru wa asili, asije akaonewa.

7. Hitimisho

Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 unazitaka nchi kuzuia, kudhibiti au kutokomeza viumbe vamizi. Maneno hayo yanakuwa kweli pale tu yanapoingia kwenye bajeti. Ombi langu kwenu, ndugu washiriki, ni kwamba mpango wa mwaka ujao wa kila halmashauri iliyowakilishwa hapa uwe na kasma ya udhibiti wa kunguru, na kasma hiyo isifutwe mwaka ambao kunguru watakuwa wamepungua. Mwaka huo ndipo tutakapoihitaji zaidi.