Leseni ya Urubani si Barua ya Ajira

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Bariadi



Kamati imenitaka nizungumze juu ya kazi ya urubani, na sababu yake mnaijua. Mfuko wetu wa elimu umepokea barua mbili za vijana waliomaliza Kidato cha Sita, wote wawili wakiomba tuwachangie karo ya chuo cha urubani. Mchana huu wanachama mtaombwa kutoa uamuzi. Mimi si rubani. Ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma makadirio ya fedha na kuuliza kila fungu litazaa nini. Lakini jambo hili nimelifuata kwa karibu kuliko makadirio mengi ya ofisini, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na jambo tunalolijua sote katika mkoa huu. Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu hupanda kuanzia Novemba. Hununua mbegu, hupalilia, hupulizia dawa, na gharama zote hizo huzitoa kabla hajajua bei. Bei huijua msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, nayo hufuata soko la dunia ambalo yeye hana sauti ndani yake. Kijana anayetaka kuwa rubani wa shirika kubwa la ndege yumo katika hali hiyo hiyo. Hutoa gharama zote mwanzoni, na soko lake hupangwa na watu asiowajua. Tofauti ni moja: mkulima wetu huwa na shamba la mtama au mahindi pembeni, ili pamba ikianguka watoto wasilale njaa. Kijana wetu wa urubani mara nyingi hana.

Ndugu wanachama, wengi hudhani kwamba mtu akimaliza chuo cha urubani amekwisha kuwa rubani wa ndege kubwa. Sivyo. Kwanza hupata leseni ya rubani binafsi, ambayo haimruhusu kulipwa mshahara kwa kurusha ndege. Kisha hupata leseni ya biashara. Kwa viwango vya kimataifa leseni hiyo huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Hapo huongeza kibali cha kuruka kwa vyombo bila kutegemea macho, na kibali cha ndege zenye injini zaidi ya moja. Ili awe kapteni wa ndege kubwa hapana budi apate leseni ya juu kabisa, ambayo huhitaji saa 1,500. Zaidi ya hayo, kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake. Aliyefuzu kurusha Dash 8 hawezi kuingia kesho katika Boeing.

Sasa tazameni pengo. Kijana hutoka chuoni akiwa na saa kama 200, baada ya kutumia makumi ya maelfu ya dola. Mwajiri naye anamtaka mtu mwenye mamia ya saa, au zaidi ya 1,000. Saa hizo atazipata wapi? Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni ndege ndogo, kama zile Cessna Caravan zinazopeleka watalii Seronera na viwanja vingine vya Serengeti, ambazo nyinyi vijana huziona zikipita. Lakini kampuni hizo nazo ni chache, bima zao hutaka rubani mwenye uzoefu, na biashara yao hupungua masika watalii wanapopungua. Njia nyingine ni kubaki chuoni na kuwa mwalimu wa marubani, nako nafasi ni chache. Kwa hiyo kijana hukwama mlangoni: hapati saa kwa kuwa hana kazi, na hapati kazi kwa kuwa hana saa.

Mtaniuliza, je, nchi yetu haikununua ndege nyingi? Ilinunua, na ni jambo la kujivunia. Lakini tuitazame historia yote, si ukurasa mmoja. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka mwaka 1946. Mwaka 1971 Jumuiya ilianzisha chuo huko Soroti, Uganda, ili kufundisha marubani na mafundi wa nchi zetu tatu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika hilo lilivunjika, na Machi mwaka huo huo likaundwa la kwetu. Mwaka 2002 asilimia 49 za shirika letu ziliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na mwaka 2006 Serikali ikazirudisha. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisimamisha cheti chake cha kuruka kwa muda. Baadaye ikafika miaka ambayo lilibaki na ndege moja tu ndogo. Kijana aliyepata leseni katika miaka hiyo alikuwa na sifa zile zile za kijana wa leo, lakini hapakuwa na kiti.

Kisha mambo yakageuka. Septemba 2016 zilipokelewa Dash 8-Q400 mbili. Julai 2018 ikaja Boeing 787 ya kwanza, na Desemba mwaka huo Airbus A220, ya kwanza katika Afrika. Mwaka 2023 ikaja Boeing 767 ya mizigo na Boeing 737 MAX, na Agosti 2024 Boeing 787 ya tatu. Ajira zikafunguka. Lakini hata katika neema hiyo yalitokea ya kutotazamiwa. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus zilisimama chini kwa matatizo ya injini ambazo hazikutengenezwa hapa wala haziwezi kutengenezwa hapa. Kampuni ya Fastjet, iliyoanza safari zake nchini Novemba 2012 na kuwapa wananchi wengi safari yao ya kwanza ya ndege, iliacha kuruka mwishoni mwa mwaka 2018. Na Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaingiza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka huko. Hakuna hata moja katika mambo hayo lililotokana na uhodari au udhaifu wa kijana mwombaji.

Huo ndio moyo wa maneno yangu. Katika kazi nyingi, bidii na maksi huleta ajira kwa uwiano fulani. Katika urubani bidii ni sharti, lakini ajira hutegemea idadi ya ndege zinazoruka siku ile unapokuwa tayari. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu rubani kukaa hewani zaidi ya saa 900 au 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo kila ndege huhitaji jozi kadhaa za marubani. Ndege moja ikija, nafasi hufunguka kwa pamoja. Ikisimama, hufungika kwa pamoja. Tena katika mashirika mengi makubwa marubani hupangwa kwa tarehe ya kuajiriwa, na pakiwa na upunguzaji wa mwisho kuingia huwa wa kwanza kutoka. Hata umri wa wazee una sehemu yake. Marekani ilipoongeza umri wa kustaafu wa marubani kutoka miaka 60 hadi 65, mwezi Desemba 2007, waliokuwa karibu kuondoka walibaki, na vijana waliokuwa nyuma yao wakasubiri.

Sasa niwaeleze kwa nini nalijua jambo hili kwa karibu. Mtoto wa dada yangu alimaliza mafunzo nje ya nchi mwishoni mwa mwaka 2019. Ukoo uliuza ng'ombe na kiwanja hapa mjini. Mimi nilichanga sehemu yangu kama wajomba wengine, na sijutii, kwa kuwa kijana alifaulu mitihani yake yote. Alirudi na leseni mkononi. Miezi michache baadaye, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulizifunga anga za dunia. Hata Emirates, shirika tunalolitaja kama kilele cha mafanikio, lilipunguza marubani mwaka huo. Ndege zetu ziliporudi angani, kijana huyu alikuwa anashindana na watu waliokwisha kuruka maelfu ya saa.

Na hapa nimejifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vya matangazo vya vyuo. Kusubiri kwenyewe kuna gharama. Cheti cha afya cha rubani wa biashara hupimwa upya kila mwaka. Kibali cha kuruka kwa vyombo nacho huhitaji mtihani upya. Ili mikono isisahau, hapana budi akodi ndege na kuruka. Leseni ni kama ng'ombe wa maziwa: usipomlisha hukauka. Mwaka wa kwanza ukoo ulilipa. Mwaka wa pili ulilipa kwa manung'uniko. Mwaka wa tatu wazee walisema sasa basi, kuna watoto wengine wanaosubiri karo, nao walikuwa na haki. Leo kijana wetu anafanya kazi ya kupanga mizigo na abiria katika kiwanja cha ndege. Ni kazi ya heshima, na huweka akiba kidogo kidogo ili afufue vibali vyake. Dada yangu huniuliza kila tunapokutana, "Kaka, mwanangu ataruka lini?" Mimi husoma makadirio ya mamilioni bila wasiwasi, lakini swali hilo sina fungu lake.

Yapo maneno yanayosambaa kwamba dunia ina upungufu mkubwa wa marubani. Ni kweli kwamba kampuni ya Boeing imekadiria mahitaji ya marubani wapya zaidi ya 600,000 katika miaka 20. Lakini tusome takwimu kama watu wazima. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, yametolewa na muuza ndege, na hayasemi lolote juu ya mwenye saa 200 anayeomba kazi mwaka huu. Mtu akiwaambia kwamba dunia itahitaji pamba nyingi, bado mtamuuliza bei ya Mei ijayo.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi vijana wetu wasiende. Kama wote tungeogopa, zile ndege zetu zingerushwa na wageni watupu. Wako Watanzania waliotoka vijijini kama vyetu na leo wanaongoza ndege kubwa. Ninalosema ni kwamba mfuko huu ni jasho la wengi, na hauna budi kutumiwa kwa macho wazi. Natoa mapendekezo matatu.

La kwanza, kabla ya senti moja kwenda chuoni, tuwalipie vijana hawa wawili upimaji wa afya wa daraja la kwanza. Ni gharama ndogo ukilinganisha na karo. Macho, masikio au moyo vikikataa, ni heri tujue sasa kuliko baada ya kuuza zizi.

La pili, kila mwombaji alete hesabu kamili, si ya karo peke yake. Aonyeshe atakavyotunza leseni kwa miaka mitatu ya kusubiri. Asiye na fungu la kusubiri hajamaliza hesabu yake, na tusimchangie mpaka aimalize.

La tatu, tutangulize wale watakaokuwa na shamba la mtama pembeni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi wa ndege. Chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinafundisha waongoza ndege. Fundi wa ndege huhitajika hata ndege ikiwa imesimama. Kwa kweli hapo ndipo huhitajika zaidi. Kijana mwenye fani hiyo anaweza kuutafuta urubani baadaye kwa mshahara wake mwenyewe, naye atasubiri akiwa ndani ya uwanja, si nje ya uzio.

Nanyi mnaosoma, shikeni fizikia, hisabati, jiografia na Kiingereza. Masomo hayo hayatapotea hata kama kiti cha rubani hakitapatikana. Na mkiwaomba wazazi wauze ng'ombe, waelezeni ukweli wote, pamoja na ule usiopendeza. Mzazi aliyeelezwa ukweli akakubali kuthubutu ni mshirika wenu. Aliyedanganywa mtamwona katika uso wake kila mwaka.

Uamuzi ni wa wanachama. Mimi nimetimiza nililoagizwa.