Deni Lizaalo Mali



Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini si kila deni huleta matanga.

Hapa kwetu Kagera twaijua butura: mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei apendayo mwenye fedha. Mavuno yakifika, kahawa si yake tena. Hurudi nyumbani mikono mitupu, na mwaka wa pili huuza maua tena. Hilo ni deni liangamizalo.

Sasa tulipime deni lizaalo. Mwanachama akikopa shilingi 300,000 za mbolea kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, akalipa zote baada ya miezi 6, riba yake ni shilingi 18,000. Kabla ya kutia sahihi na ajiulize: je, nyongeza ya mavuno itazidi shilingi 318,000? Je, siku ya kulipa yaja baada ya mavuno? Mkopo wa miezi 6 haufai kwa miche, kwani mche hukaa miaka kabla ya kuzaa.

Mwaka 1864 Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliwaunganisha wakulima wa Heddesdorf, Ujerumani, katika chama cha mikopo, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Nasi ni vivyo hivyo: asiyelipa hula akiba ya jirani yake.

Basi tukope kwa hesabu, tulipe kwa wakati, na kahawa yetu ibaki yetu mpaka ghalani.