Kabla ya Kukata Utepe: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Maji Duniani, Isinya



Mji huu unatamani bwawa, nami nalitamani. Ila nasema hivi: bwawa lisilotengewa fedha za kulinda ardhi inayolijaza lisifunguliwe, hata kama utepe umeshanunuliwa. Tazameni Nairobi. Bwawa lake la Sasumua lilikamilika mwaka 1956, enzi za mkoloni. Mwaka 2003 mafuriko yakaharibu sehemu yake ya kupitishia maji ya ziada, na jiji likapungukiwa. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, la mwaka 1994, huhifadhi mita za ujazo milioni 70, lakini nalo lazima lilindwe dhidi ya udongo unaosombwa kutoka miteremkoni. Mwaka 2015 ndipo ukazinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, kuwasaidia wakulima wa huko kuchimba matuta na kupanda nyasi. Takriban miaka 60 baada ya Sasumua! Huko ni kuchelewa ambako Isinya haina haja ya kukuiga.

Mtaniambia Isinya si Murang'a, hapa hakuna mashamba ya chai. Kweli, na hapo ndipo penye hatari: nyasi za nyanda zetu za Kaputiei zikiisha, mvua ya siku moja huteremka na udongo, na silanga, yaani bwawa, iliyojaa tope haina faida hata mwaka wa neema. Wengine watasema tuchimbe visima tu. Vinasaidia, lakini katika sehemu nyingi za kaunti hii ya Kajiado maji ya chini yana floraidi ya kuharibu meno ya watoto. Wengine watataja bomba la maji la Nol Turesh. Bomba hilo linaanzia kwenye chemchemi chini ya Kilimanjaro na kwenda hadi Machakos na Athi River. Wenye kiu njiani ni wengi, na Kajiado imekua kutoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 mwaka 2019. Chemchemi haikuongezeka.

Kuhusu gharama, kuchota tope ni ghali kuliko kulizuia. Naiomba serikali ya kaunti itenge kila mwaka fungu la nyasi, matuta na uzio, na iwajengee wafugaji wa juu ya bwawa mabirika ya kunyweshea mifugo kabla bomba la mjini halijafunguliwa. Ng'ombe wao wasipokunywa kwanza, uzio utakatwa, na mjini hatutakuwa na haki ya kulalamika.